Kiungulia: Ijue dawa unayomeza kabla ya kuirudia

MSOMAJI, yamkini umewahi kugutuka usiku ukihisi moto ukipanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, kinywa kikijaa maji makali kama ndimu, ukalazimika kuketi kitandani hadi hali itulie. Hicho ndicho kiungulia, na hapana shaka si wewe peke yako. Katika miji yetu, ambako watu hufika nyumbani usiku kwa sababu ya msongamano wa magari, wakala chakula kizito saa tatu au saa nne kisha wakajitupa kitandani, taabu hii imekuwa ya kila siku.

Tiba yake nayo haina uhaba. Katika duka la mtaani utapata vidonge vya kutafuna na unga wa kukoroga unaotoa povu. Katika duka la dawa utapata chupa za dawa nyeupe ya majimaji na kapsuli za rangi mbalimbali. Wengi hununua kile kilichomsaidia jirani au mfanyakazi mwenzao, bila kujua kwamba dawa hizo ni za makundi tofauti na kwamba kila kundi lina kazi yake na saa yake.

Matokeo yake ni kwamba wapo wanaomeza kapsuli wakati wa kulala, kisha wakalalamika kuwa dawa ni bandia. Wapo wanaozimeza mwaka nenda mwaka rudi ilhali daktari aliwaandikia za majuma manne. Wapo pia wanaotuliza kifua kwa vidonge huku maradhi mengine kabisa yakiendelea chini kwa chini. Makala haya yanaeleza jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, namna ya kuzitumia ili zikufae, na wakati ambapo hupaswi kuzitegemea hata kidogo.

ASIDI NI YA NINI?

Tumbo la mtu mzima hutoa takriban lita moja na nusu hadi mbili za majimaji kila siku, na ndani yake mna asidi ya haidrokloriki. Asidi hii huua viini vingi vinavyoingia pamoja na chakula, huanzisha kazi ya kuvunjavunja protini za nyama, maharagwe na mayai, na husaidia mwili kupata madini ya chuma na vitamini B12. Kwa hivyo, asidi si adui. Mtu asiye nayo kabisa hupata matatizo mengine.

Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limepakwa ute mzito unaolilinda. Umio, yaani mrija wa urefu wa sentimita 25 hivi unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauna kinga ya namna hiyo. Kinga yake ni msuli wa mviringo ulio mwisho wa mrija huo, ambao hufunguka chakula kinapopita na kufungika mara moja. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda juu na kuuchoma umio.

Mambo yanayoulegeza au kuushinda nguvu ni mengi: tumbo lililojaa kupita kiasi, vyakula vyenye mafuta mengi, pombe, sigara, kahawa, unene wa tumbo na ujauzito. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile nifedipini na amlodipini, pia zaweza kuulegeza. Kuna watu wengine ambao sehemu ya juu ya tumbo lao imepenya kupitia tundu la kiwambo na kuingia kifuani. Hali hiyo huitwa henia, na huzidisha kiungulia.

KIUNGULIA SI VIDONDA VYA TUMBO

Ni desturi yetu kwamba mtu akihisi maumivu yoyote tumboni, husema ana 'ulsa'. Yafaa ieleweke kwamba kiungulia na vidonda vya tumbo ni maradhi mawili tofauti, ingawa dawa zake hufanana na mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi waliamini kwamba vidonda huletwa na wasiwasi pamoja na asidi nyingi. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall waligundua bakteria waishio ndani ya ute wa tumbo, ambao sasa huitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Leo inajulikana kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria hao, au na dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinazomezwa mara kwa mara. Umuhimu wa jambo hili kwako ni huu: dawa ya asidi pekee yaweza kukausha kidonda, lakini haiui bakteria, na kidonda chaweza kurudi. Mwenye bakteria huhitaji antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya asidi, kwa kawaida kwa siku 14 bila kukosa hata siku moja.

KUNDI LA KWANZA: DAWA ZA KUPOZA

Hizi ndizo za zamani zaidi. Ni chumvichumvi za magnesi, alumini, kalsiamu au sodiamu ambazo zikikutana na asidi huipoza papo hapo. Hazizuii tumbo kutengeneza nyingine. Nafuu yake huja kwa dakika chache, lakini ukizimeza tumbo likiwa tupu, hudumu chini ya saa moja kwa sababu tumbo huzisukuma mbele. Ukizitumia saa moja hivi baada ya kula, hukaa na chakula na kukusaidia kwa muda mrefu zaidi, hata saa tatu. Ya majimaji hufanya kazi upesi kuliko kidonge, na kidonge cha kutafuna chapaswa kutafunwa hasa, si kumezwa kizima.

Magnesi huendesha tumbo, nayo alumini hufunga choo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzichanganya. Unga wa povu, kama vile Eno, una sodiamu nyingi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo asiutumie kila mara bila kumwuliza daktari. Magadi na soda ya kuokea zina sodiamu vilevile, na si salama zaidi kwa kuwa zinapatikana jikoni.

Zipo pia dawa zilizochanganywa na aljineti, kitu kitokanacho na mwani wa baharini. Aljineti hugeuka utando mzito unaoelea juu ya chakula tumboni, ukazuia asidi isipande. Hufaa sana zikinywewa baada ya kula na kabla ya kulala.

Vipi kuhusu maziwa baridi, ambayo wengi huyategemea? Ni kweli hupoza kwa muda mfupi, lakini protini na kalsiamu iliyomo huchochea tumbo kutoa asidi zaidi baadaye. Si tiba.

KUNDI LA PILI: DAWA ZA KUPUNGUZA

Kundi hili huzuia amri inayoliambia tumbo litoe asidi. Amri hiyo hupelekwa na kemikali ya mwili iitwayo histamini. Mwanasayansi Mwingereza, James Black, ndiye aliyeongoza kazi ya kutafuta dawa ya kuizuia, na simetidini ikaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Ilifuatwa na ranitidini mwaka 1981, kisha famotidini. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi wa vidonda walikuwa wakipasuliwa. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Utazitambua dawa hizi kwa jina lililoandikwa kwenye pakiti, ambalo huishia na 'tidine'. Huanza kufanya kazi baada ya saa moja hivi na nguvu yake hudumu hadi saa kumi au zaidi. Zinafaa kwa mtu anayepata kiungulia mara mojamoja, hasa usiku. Kasoro yake ni kwamba ukizimeza kila siku, mwili huzizoea baada ya wiki moja au mbili na nguvu yake hupungua.

Ukiwa na ranitidini iliyosahaulika kabatini, usiitumie. Mwaka 2019 iligunduliwa kuwa ndani ya dawa hiyo mlikuwa na kemikali iitwayo NDMA, inayoshukiwa kuleta saratani, na kwamba kemikali hiyo huongezeka dawa inapokaa muda mrefu au kuwekwa penye joto. Mnamo Aprili 1, 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza aina zote za ranitidini ziondolewe sokoni, na nchi nyingine nyingi zilichukua hatua kama hiyo. Tatizo hilo halikuonekana katika famotidini.

KUNDI LA TATU: DAWA ZA KUFUNGA PAMPU

Hizi ndizo zenye nguvu zaidi kati ya zile zinazotumiwa sana, na ndizo zinazotumiwa vibaya zaidi. Ya kwanza, omeprazoli, ilitengenezwa na kampuni ya Astra ya Uswidi na kuingia sokoni mwaka 1988. Leo zipo pia esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli. Kwenye pakiti, majina yake yote huishia na 'prazole'. Omeprazoli imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Ndani ya kuta za tumbo mna seli zenye pampu ndogondogo zinazosukuma asidi nje. Dawa hizi hupita tumboni zikiwa zimefunikwa, huingia katika damu kupitia utumbo mwembamba, kisha damu huzipeleka hadi kwenye seli hizo. Zikifika mahali penye asidi hubadilika na kujifunga kwenye pampu, na pampu iliyofungwa haifunguki tena. Asidi hurudi tu mwili unapotengeneza pampu mpya.

Kutokana na maelezo hayo utaona mambo matatu ambayo wagonjwa wengi hawajaambiwa.

Kwanza, dawa hufunga tu pampu inayofanya kazi kwa wakati huo. Pampu huamshwa na chakula. Dawa yenyewe hukaa katika damu kwa muda mfupi tu, saa chache. Kwa hivyo, sharti iwe imeshafika katika damu wakati unapoanza kula. Imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula, na wakati bora zaidi ni kabla ya kifungua kinywa, kwa kuwa ndipo pampu nyingi zinapongojea kuanza kazi. Kama wewe hunywa chai na mkate saa moja asubuhi kabla ya kukimbilia matatu, meza kapsuli saa kumi na mbili u nusu, kwa maji. Kama huna desturi ya kula asubuhi, imeze nusu saa kabla ya mlo wako mkuu. Kuimeza wakati wa kulala, tumbo likiwa limepumzika, ni kupoteza pesa.

Pili, si dawa ya papo hapo. Siku ya kwanza hufunga baadhi tu ya pampu, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku tatu hadi tano. Mtu anayemeza kapsuli moja wakati kifua kinapowaka, kisha akaacha, hajaipa nafasi ya kumsaidia. Kwa haja ya haraka tumia dawa ya kupoza.

Tatu, kapsuli au kidonge hicho kimefunikwa ili asidi ya tumbo isiiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo. Usikitafune wala kukisaga. Asiyeweza kumeza kapsuli amwulize mfamasia. Aina nyingine zaweza kufunguliwa na chembechembe zake kumezwa na chakula laini bila kutafunwa.

Kwa kawaida mwenye kiungulia cha mara kwa mara hupewa kipimo kimoja kwa siku kwa majuma manne hadi manane. Baada ya hapo daktari huangalia kama kuna haja ya kuendelea.

Kuna kundi jipya zaidi pia, linaloongozwa na vonoprazani, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 na baadaye Marekani. Hii pia huzuia pampu, lakini haingoji chakula na hufanya kazi upesi zaidi. Ni ya kuandikiwa na daktari.

KWA NINI NI VIGUMU KUACHA?

Wengi waliojaribu kuacha kapsuli hizi husema kiungulia kilirudi kwa kishindo, wakaamini kwamba ugonjwa wao ni wa maisha. Si lazima iwe hivyo. Tumbo lililonyimwa asidi kwa muda hutoa homoni nyingi iitwayo gastrini, ambayo hulihimiza liongeze uwezo wake wa kutengeneza asidi. Dawa ikiondolewa ghafla, asidi hufurika kwa muda wa siku au majuma kadhaa kabla ya mambo kurudi kawaida.

Watafiti wa Denmark walilionyesha hili mwaka 2009. Walichukua watu 120 wenye afya, wasio na kiungulia. Nusu yao walipewa esomeprazoli kwa majuma manane na wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya kuacha, asilimia 44 ya waliokuwa wametumia dawa walipata kiungulia au dalili za namna hiyo, ikilinganishwa na asilimia 15 ya wale wengine. Yaani watu wazima wa afya walipata kiungulia kwa kuacha dawa ambayo hawakuwa wakiihitaji.

Ikiwa umezitumia kwa miezi mingi na daktari amekubali uache, punguza polepole: teremsha kipimo, kisha meza siku moja na kuruka moja, huku ukitumia dawa ya kupoza au aljineti siku kiungulia kinapochokoza. Mpe mwili wako majuma machache kabla ya kuamua kwamba huwezi kuacha.

Hata hivyo, usiache kwa sababu tu umesoma makala haya. Wapo wanaozihitaji kwa muda mrefu: waliopatikana na majeraha makubwa katika umio, ambao umio wao umewahi kuwa mwembamba kwa makovu, na wale wanaomeza aspirini au dawa za maumivu kila siku ilhali wamewahi kutoka damu tumboni. Kwao kapsuli hiyo ni kinga, na kuiacha kwaweza kuleta hatari.

JE, ZINA MADHARA?

Hofu imekuwa nyingi juu ya jambo hili. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuvunjika kwa mifupa, na mwaka 2011 kuhusu kupungua kwa magnesi katika damu kwa waliozitumia muda mrefu. Vitamini B12 na madini ya chuma pia yaweza kupungua, kwa kuwa asidi ndiyo husaidia kuyapata.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 17,000 waliopewa ama pantoprazoli ama kidonge kisicho na dawa kwa miaka mitatu hivi. Madhara mengi yaliyokuwa yakihofiwa hayakuonekana kuzidi kwa waliotumia dawa. Kilichozidi ni maambukizi ya matumbo, asilimia 1.4 ikilinganishwa na asilimia 1.0. Hilo halishangazi, maana asidi ndiyo mlinzi wa kwanza dhidi ya viini vya chakula. Mtumiaji wa dawa hizi katika mji wenye maji yasiyoaminika anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuhusu anachokunywa na anachokula barabarani.

Kwa ufupi, ni dawa salama kwa mwenye haja nayo. Asiye na haja hana faida ya kulipia hata madhara madogo.

ZISIGONGANE NA DAWA NYINGINE

Mwambie mfamasia kila dawa unayotumia kabla ya kununua ya kiungulia. Haya ni muhimu zaidi:

- Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zenye dolutegraviri, ambazo ndizo hutumiwa na wengi nchini Kenya, azimeze saa mbili kabla ya dawa ya kupoza yenye magnesi au alumini, au saa sita baadaye. La sivyo, chumvi hizo hushika dawa tumboni na mwili haupati ya kutosha. Kapsuli za kufunga pampu haziiathiri dolutegraviri, lakini zaweza kuipunguza nguvu atazanaviri.

- Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, pamoja na vidonge vya madini ya chuma, visimezwe pamoja na dawa za kupoza. Tenganisha kwa saa mbili au zaidi.

- Anayetumia klopidogreli kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi amwulize daktari kabla ya kutumia omeprazoli au esomeprazoli, kwani huipunguza nguvu.

- Simetidini huongeza nguvu ya wafarini na baadhi ya dawa za kifafa mwilini, jambo linaloweza kuleta hatari.

Mama mjamzito mwenye kiungulia kwa kawaida huanzishiwa dawa ya kupoza yenye kalsiamu au aljineti, si unga wa sodiamu. Akumbuke kuitenganisha na vidonge vya chuma alivyopewa kliniki.

Jambo jingine ni kuhusu vipimo. Ukienda kupimwa choo au pumzi kutafuta bakteria wa vidonda huku unameza kapsuli za kufunga pampu, kipimo chaweza kusema huna ilhali unao. Kapsuli huachwa wiki mbili kabla ya kipimo na antibiotiki wiki nne, kwa idhini ya daktari. Kipimo cha damu nacho chaweza kuendelea kuonyesha kuwa unao muda mrefu baada ya kupona, kwa hivyo hakifai kuthibitisha kwamba umetibiwa.

USITULIZE DALILI HIZI

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Dawa ya asidi hutuliza moto, lakini haikuambii moto huo unatoka wapi. Nenda hospitalini bila kuchelewa ukipata mojawapo ya haya:

- Chakula kukwama au kuuma kinapoteremka.
- Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na masimbi ya kahawa.
- Choo cheusi kama lami.
- Kupungua uzito bila sababu, au kukosa damu.
- Kutapika kusikokoma.
- Kiungulia kinachoanza kwa mara ya kwanza uzeeni, au kisichotulia kwa dawa iliyotumiwa sawasawa kwa majuma manane.

Dalili ya kwanza ina uzito wa pekee kwetu. Kenya imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, wenye saratani nyingi ya umio. Hospitali ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet, imeripoti katika majarida ya kitaalamu hata wagonjwa wenye umri wa miaka 30 au chini. Aina inayopatikana zaidi hapa haisababishwi hasa na kiungulia. Inahusishwa na pombe, tumbaku na mambo mengine. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vinachangia. Chai iachwe ipoe kidogo.

Ugonjwa huu huanza kwa ujanja. Kwanza ni nyama inayokwama, kisha ugali, na mgonjwa huanza kuteremsha kila tonge kwa maji. Baadaye huhamia wali laini, halafu uji. Miezi yote hiyo husema ni asidi tu, na hununua vidonge. Anapofika hospitalini maji yenyewe yanakataa kupita, na nafasi ya kupona imekwisha kuwa finyu. Ukijiona umeanza kubadilisha chakula kwa sababu ya kumeza, usingoje uji. Omba kufanyiwa endoskopi, yaani kipimo cha kamera ndogo inayoteremshwa kooni kuangalia umio na tumbo.

Vilevile, maumivu ya kifua yanayobana kama uzito, yanayoenea hadi mkono au taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yaweza kuwa ni moyo. Kwa wanawake na wenye kisukari mshtuko wa moyo huweza kujifanya kama chakula hakijasagika. Usikoroge unga ukangoja. Tafuta gari upelekwe hospitalini.

KABLA YA KUNUNUA

Kwa wengi, tiba huanzia mezani na kitandani. Kula mlo wa jioni saa tatu kabla ya kulala. Ukifika nyumbani usiku, kula kidogo, na chipsi, nyama choma ya mafuta na mahamri yangoje mchana. Punguza uzito ikiwa umezidi, kwani kiungulia hupungua pamoja nao. Acha sigara, na upunguze pombe. Angalia ni chakula gani kinachokusumbua wewe, si kile kinachomsumbua jirani, ili usijinyime bure.

Anayesumbuliwa usiku ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, akiweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii, maana hukunja tumbo na kulibana. Kulala kwa ubavu wa kushoto pia husaidia.

Na ukifika katika duka la dawa, hakikisha anayekuhudumia ni mfamasia aliyesajiliwa, kisha mwulize maswali manne: Dawa hii ni ya kundi gani? Niimeze saa ngapi, kabla au baada ya chakula? Niitumie kwa siku ngapi? Inapatana na dawa nyingine ninazotumia? Andika majibu kwenye pakiti. Ikifika siku ya mwisho na bado unaihitaji, hiyo ndiyo siku ya kumwona daktari, si ya kununua pakiti nyingine.